Uzee wa Baba Ulijengwa Ng'ambo

Baba yangu alijua kupanga maisha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na sijapata kuona mtu aliyeishi kwa taabu za hiari kama yeye. Nasema hivyo kwa mapenzi, ingawa zamani nilikuwa nikisema kwa hasira. Duka letu pale Majengo, Songea, lilikuwa na kila kitu kilichoruhusiwa kuuzwa, na vichache ambavyo havikuruhusiwa. Lakini ukipita pazia ukaingia ndani tulikoishi, ungedhani tumehamia jana na mizigo yetu bado iko njiani. Tulikalia makasha ya sabuni. Nguo zetu zilikaa kwenye masanduku ya bati yaliyopangwa ukutani, kwa kuwa kabati hatukuwa nalo. Sakafu ilikuwa ya udongo, na mama aliisiriba upya kila ilipoanza kutimka vumbi, huku akinung'unika kwa Kiyao.

Hatukuwa maskini, na hilo ndilo lililoniudhi. Shuleni nilikaa na watoto wa makarani na walimu ambao baba zao walikuja dukani kwetu kukopa sukari, na nyumbani kwao palikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma. Waliponitembelea niliwakaribisha wakae juu ya kasha. Mmoja aliwahi kuniuliza kama baba yangu amefilisika. Nilimjibu kwamba sisi ni Waarabu na ndiyo mila yetu, uongo mtupu, naye akaenda kuusimulia darasa zima.

Baba alikuwa Mshihiri. Alitoka Hadramaut, Uarabuni, akiwa kijana ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia, akamfuata mjomba wake aliyekuwa na duka Lindi. Kutoka Lindi akapanda hadi Tunduru, akamwoa mama, binti wa mkulima wa korosho. Kisha akasikia kwamba Songea watu wanalima mahindi na tumbaku na hawana maduka ya kutosha, akamchukua mkewe wakaja. Alikusudia kukaa miaka michache tu. Mimi nikazaliwa, wadogo zangu wakazaliwa, na ile miaka michache ikaendelea kuitwa michache.

Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Faida ya duka aliigawa mafungu: la mtaji, la chakula na shule yetu, na la uzeeni. Lile la uzeeni alilipeleka Dar es Salaam kwa mfanyabiashara wa kwao. Jamaa za mfanyabiashara huyo waliokuwa Hadramaut walimkabidhi mdogo wake baba kiasi kinacholingana nalo. Kila kitu kilikwenda kwa kuaminiana. Mdogo wake huyo, ambaye sisi tulimwita ami bila ya kumwona kamwe, alinunua mitende kwa jina la baba. Mitende ilipotosha akaanza kujenga nyumba ya baba, chumba kwa chumba, kadiri fedha zilivyofika. Humo baba angezeeka akiwa ameegemea takia dirishani, anakunywa chai, anakula tende za miti yake mwenyewe, na hamwombi mtu kitu. Mama naye alikuwa humo katika mpango, na sisi pia, ingawa hakuna aliyetuuliza.

Kwa hiyo tulichonunua Songea kilitakiwa kiwe kinabebeka. "Hapa tunapita," baba alisema. Ukimwomba zulia, alikwambia zulia liko kule. Ukimwomba kitanda cha mninga, nacho kiko kule. Mama alipotaka kupanda mparachichi uani, baba alimuuliza kwa upole mti huo huchukua miaka mingapi kuzaa. Mama akatazama shimo alilokwisha kulichimba, akalifukia, akapanda mchicha.

Ubaya wake ni kwamba kwa upande wa fedha alikuwa sahihi. Shilingi ilipoanza kuporomoka, tuliona kwa macho yetu watu wa busara wakilizwa. Jirani yetu mmoja, karani mstaafu, alikuwa ameweka akiba yake benki miaka yote ili anunue ng'ombe wa maziwa. Siku alipokwenda kuitoa, fedha zile hazikutosha hata ndama. Alikuja dukani akakaa na baba muda mrefu bila kununua kitu. Baba hakujisifu. Alimpa chai, na mtu yule alipoondoka akaniambia, "Umeona? Mitende haiporomoki."

Kisha zikaja enzi za ruksa. Bidhaa tulizozoea kuzipata kwa foleni na kujuana zikajaa barabarani. Mitumba ikamwagwa sokoni, redio zikawa kila nyumba, na vijana wa Kikinga wakaja na malori, wakauza kwa bei ambayo baba hakuweza kuifuata bila kuumia. Alikuwa ameanza kuchoka. Aliketi nyuma ya kaunta akiwatazama vijana wale wanavyopigiana kelele na kucheka, na nilijua anajiona katika umri wao. Wakati huohuo nchi yake nayo, ambayo siasa zilikuwa zimeifunga kama zilivyoifunga yetu, ikafunguka. Watu wa kwao waliopitia Songea wakielekea Mbinga kununua kahawa walimwambia kwamba sasa mtu anaweza kwenda na kurudi bila kuulizwa sana. Akaanza kusema "kule" kwa sauti nyingine.

Hapo ndipo mwenye nyumba wetu alipokuja kutuambia anauza.

Alikuwa mzee wa Kingoni, mgane, aliyefanya kazi ya useremala maisha yake yote na ambaye sasa aliishi katika chumba kimoja upande wa pili wa ua wetu. Tulimlipa kodi kila mwezi, na kila Krismasi alituletea jogoo tumchinje wenyewe, na kila Idi alikula kwetu. Siku ile alipita mlango wa mbele, wa wateja, akavua kofia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Mwarabu wangu," alimwambia baba, "mimi narudi kijijini, kule upande wa Peramiho, kwa wanangu. Mjini sina tena ninachongoja. Nyumba naiuza pamoja na duka hili. Yule kijana Mkinga wa lori amekuja na hela mkononi. Nimemwambia asubiri mpaka tuvune mahindi. Watoto wako wamekulia humu, mimi siwezi kuwaruka. Sema wewe kwanza."

Baba alimshukuru, akamwambia atafikiri. Nyuma ya pazia mama alikuwa anapepeta mchele, na nilisikia ungo umenyamaza.

Mchana ule, tulipokaa kula, mama hakuzungusha maneno. "Nyumba hii naitaka," alisema. "Tangu umenioa sijakuomba kitu kisichobebeka. Leo naomba."

Baba aliendelea kumega ugali. Wote tulijua fedha zipo, na tulijua zina kazi gani. Zilikuwa za nauli yetu sote na za kupaka chokaa ghorofa ya juu ya ile nyumba ya ng'ambo, kazi ya mwisho iliyobaki. Zilitosha jambo moja tu. Tena kulikuwa na tatizo jingine, ambalo mwenye nyumba alilitatua kwa wepesi uliomkera baba. Miaka yote hiyo baba hakuomba uraia, maana uraia wa nini kwa mtu anayepita? Alikuwa akihuisha kibali chake cha kuishi katika ofisi ya uhamiaji, akivaa koti lake la Idi kila alipokwenda. Mgeni kununua nyumba ulikuwa mlolongo mrefu. "Basi tuandike jina la mama," mzee alisema. "Yeye ni wa hapa, hana shida."

"Nitoe uzee wangu wote," baba aliniambia mimi baadaye, "ili niwe mpangaji wa mke wangu?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Aliamua kwenda kwanza kuona kwa macho yake, kwa nauli aliyokopa kwa yule mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Nadhani sote tulikuwa na wazo moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka: kwamba pengine hakuna nyumba. Visa vya namna hiyo tulivisikia kila siku, mtu anatuma fedha miaka na miaka kisha anakuta kiwanja kina vichaka. Mama alimpakia nguo kimyakimya. Nitasema kweli, niliomba akute vichaka. Aumie mara moja, halafu arudi atununulie nyumba.

Alikaa huko miezi miwili. Aliporudi alishuka kwenye basi amenona kidogo, amevaa kikoi kipya, na mkononi ana bahasha ya picha. Neno lake la kwanza kabla hata ya kunawa lilikuwa hili: "Ami yenu ni mtu mwaminifu. Mwenyezi Mungu amlipe. Hakuna hata senti iliyopotea."

Tuliizunguka ile bahasha juu ya mkeka. Nyumba ilikuwepo, na sijawahi kuona nyumba nzuri kama ile. Ilikuwa ya udongo, lakini ndefu, imenyooka, ina ghorofa juu ya ghorofa, madirisha yake ya mbao yamechongwa, milango ina vitasa vya shaba. Nyuma yake ilionekana mitende. Wadogo zangu walipiga vigelegele. Baba alieleza kila picha akielekeza kwa kidole kidogo, sauti ikimtetemeka kwa furaha, na mimi nilijiona nimeshindwa na udongo ulio mbali sana.

Mama alishika picha moja muda mrefu. "Jiko liko wapi?" aliuliza.

"Juu. Ghorofa ya chini ni ya mbuzi na nafaka, inayofuata ni ya wageni wanaume, kisha vyumba vya kulala. Juu kabisa ni kwenu wanawake, na jiko. Kuna upepo mzuri sana."

"Na maji?"

"Kisima kiko chini. Wasichana hupandisha."

"Wasichana gani?"

Baba akanitazama mimi. Mama naye akanitazama, kisha akayatazama magoti yake, ambayo kwa miaka kadhaa yalikuwa yakimsumbua hata kuinuka kwenye mkeka. Baba aliyajua magoti yale. Yeye ndiye aliyekuwa akiyapaka mafuta ya mwarobaini. Lakini mpango aliupanga kabla magoti hayajaanza kuuma, wakati mama alikuwa msichana wa Tunduru anayekwea mikorosho, na katika mpango mama hakuwa amezeeka hata siku moja. Niliona jambo hilo likimwingia baba, taratibu, akiwa bado ameshika picha.

"Tutajenga jiko chini," alisema.

"Pamoja na mbuzi," alisema mama.

Hawakugombana kwa kelele. Mama alipokasirika sana alihamia Kiyao, lugha ambayo baba hakuielewa vizuri, na ninaamini ndiyo maana ndoa yao ilidumu. Siku zile alinena Kiyao asubuhi mpaka jioni. Alizungumza na sufuria, na kuku, na ukuta wa jirani. Mara moja tu alisema kwa Kiswahili, akiwa anaanika nguo uani na baba amekaa kizingitini.

"Mimi ugeni nimeshaukaa," alisema. "Uliponileta hapa sikujua hata kusalimia. Nilisimama kisimani na ndoo yangu, wanawake wanaongea Kingoni, wananiangalia miguu. Ilichukua muda mrefu mpaka mtu mmoja akaniambia, dada, teka maji. Sasa nikienda sokoni nachelewa kurudi kwa ajili ya salamu, na wewe unanigombeza. Unataka nianze tena kusimama na ndoo? Kwa magoti haya?"

Shambani mahindi yalikuwa yameanza kukauka, na Mkinga alikuwa ameshapita mara mbili kupima ukuta wa mbele kwa hatua, akinisalimia kwa adabu kana kwamba ninauzwa pamoja na nyumba.

Mchana mmoja ilinyesha mvua ya mwisho ya msimu, ile inayopiga bati mpaka husikii mteja. Duka lilikuwa tupu. Baba alikuwa anafunga sukari kwenye vifuko vya karatasi na mimi nampimia. Ghafla alianza kusema, bila ya kuniangalia, karibu na sikio langu kwa sababu ya mvua.

"Walinichinjia kila siku," alisema. "Leo mbuzi, kesho kuku, kesho kutwa mbuzi. Nikitaka kuteka maji, wananinyang'anya ndoo. Nikiingia wanasimama. Kuna mtoto wa ami yako nilimwambia anipe jembe nisafishe mfereji wa mitende, akakimbia kumwita baba yake. Miezi miwili, mwanangu, hakuna mtu aliyenituma hata kiberiti. Jioni wote wanarudi kwenye nyumba ya zamani, na mimi nalala peke yangu kwenye nyumba yangu. Nilikuwa natafuta mlango wa choo kwa kupapasa ukuta."

Nilimwambia kwamba angezoea.

"Ningezoea," alikubali. "Niliwazoea hawa, nikiwa sijui hata neno la Kiswahili. Lakini nilikuwa na miaka mingapi?" Alikunja mdomo wa kifuko, akakiweka. "Na waliokuwa wakinijua wamekufa. Vijana wananiita Mswahili. Si matusi, wananiheshimu. Yule ami Mswahili, aliyejenga."

Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimepata nilichokiomba, hata zaidi. Lakini uso wake ulikuwa karibu na wangu, umezeeka, na nilichohisi ni huruma.

"Basi waambie," nilisema.

"Nimewaahidi nitawaletea shemeji yao."

Sijui kama mama alimsikia, au kama alikuwa akifikiri jambo lake mwenyewe. Mahindi yalikuwa yameanza kuvunwa. Jioni moja alimwekea baba maji ya kuoga, akamletea na chai, akakaa chini mbele yake, hakukalia kasha. Alituambia sisi tutoke. Mimi nilitoka mpaka kwenye pazia.

"Baba watoto," alisema, "tumeoana kwa halali, na mimi sitakuacha uende peke yako kama mtu asiye na mke. Niambie unataka kuzeeka huko. Usiniambie nyumba iko tayari. Usiniambie mitende inazaa. Niambie wewe unataka, na mimi nitapanda hizo ngazi kwa makalio."

Nilishika pazia kwa nguvu. Mama hakuwa akimtega. Najua hivyo kwa sababu nilimwona mgongo, ulivyojikaza. Alikuwa ameweka chini kila kitu alichokitaka, akamwachia baba achague, na kama baba angesema neno moja tungefungasha. Angezipanda ngazi zile kwa makalio kweli, na angekufa kule juu, kwenye upepo mzuri, bila mtu wa kumsalimia.

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Yule mtu aliyekuwa na jibu la kila swali la fedha, aliyejua bei ya shilingi ya kesho, aliulizwa anataka nini, na hakuwa na jibu, maana nadhani tangu alipoondoka kwao hakuna aliyemuuliza, yeye mwenyewe akiwemo. Mwishowe alisema, "Chai imepoa."

Mama akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kuipasha.

Kesho yake baba alivaa koti la Idi, akavuka ua, akabisha kwa mwenye nyumba. Waliandikiana mbele ya balozi wa nyumba kumi, kwa jina la mama. Mama alitia dole gumba, kisha akalitazama lile dole na wino wake kwa siku nzima hataki kunawa. Kijana wa Kikinga alikasirika kidogo, akanunua soda kwetu, akainywa akiwa amesimama, akaenda zake. Mzee alifungasha vyombo vyake vya useremala, na baba akamsindikiza mpaka kwenye gari la Peramiho, wakashikana mikono hadi kondakta akawagombeza.

Sisi nyumbani tulikuwa kama tumeokota dhahabu. Mama alianza kazi siku hiyohiyo. Alitaka ukuta wa nyuma ubomolewe, ajenge jiko kubwa lenye dohani na kibaraza cha kukalia, na alimwambia fundi hivyo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwenye mali.

Ilibaki kumwambia ami. Baba alituma ujumbe kwa yule mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ami angojee kwenye duka lenye simu katika mji wao, Ijumaa baada ya sala. Siku ilipofika alinichukua mimi tukaenda posta, nimsaidie kwa karani na kwa zile namba ndefu. Kiarabu nakisikia, kwa kuwa baba alitufundisha, na mlango wa kibanda cha simu ulikuwa haufungi vizuri. Sauti ya ami ilikuwa kubwa, sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika.

Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana mmoja baada ya mmoja. Kisha ami akauliza kama fedha za chokaa zimeshatoka, kwa sababu mafundi wazuri wa chokaa hupatikana kabla ya joto.

"Sikiliza," baba alisema. "Ile nyumba ingieni ninyi. Wewe na wanao. Mitende pia kuleni. Mimi nimebaki huku."

"Nimekukosea nini?" ami aliuliza. "Kuna kitu ulikiona kimepungua? Niambie, kaka. Nitaapa."

"Wallahi hakuna kilichopungua. Umefanya kuliko ndugu yeyote."

"Basi kwa nini?"

Baba akaanza kumweleza, magoti ya mama, ngazi, watoto, na maneno yake yalikuwa madogo. Ami alimwacha amalize. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, ikabidi nisogee.

"Mwanangu mkubwa ameoa," alisema. "Wanalala nyuma ya pazia, yeye na mkewe, chumba kimoja na sisi. Mama yetu alifia kwenye kile chumba cha chini chenye unyevu. Aliniambia, nipandishe kwenye nyumba mpya nife nikiona dirisha. Nikamwambia, mama, ile ni ya kaka, akija asiikute imechakaa. Hatukulala humo hata siku moja. Hata siku ya mafuriko. Miaka yote hii, kaka. Kwa nini hukuniambia mapema?"

Niliwaza makasha yetu, na pazia letu, na yale makochi niliyowaonea wivu watu. Miaka yote nilikuwa nikiwachukia watu wa ile nyumba nikidhani wanastarehe kwa jasho letu. Kumbe walikuwa wamekalia makasha yao, wakimngoja mtu huyohuyo. Niliona haya kwa niaba yetu sote, na nilimwonea baba uchungu mpaka nikageuza uso.

Karani alinyoosha mkono kuonyesha kwamba muda tuliolipia umekwisha. Baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kulipia kitu asichokitumia, alitoa noti mfukoni akanipa nimpelekee. Niliporudi alikuwa bado ameshika mkono wa simu sikioni. Hakuwa akisema. Ami naye hakuwa akisema. Nilisikia tu mvumo wa laini na mtu anavuta pumzi upande wa pili. Wakakaa hivyo, kaka na mdogo wake, mpaka fedha zile zikaisha nazo.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika uani, mama alikuwa ameshika kamba na fundi, wanapima msingi wa jiko, kanga ameifunga kiunoni, uso umejaa vumbi na furaha.

"Mmempata?" aliuliza. "Amesemaje shemeji yangu?"

Baba alivua viatu, akaviweka pembeni ya ukuta. Alinitazama mara moja.

"Anakusalimu," alisema. Kisha akachukua sepetu, akaanza kuchanganya udongo.